UZI: Riyali 900 za Saudia, nani anafaidi na nani analipa? Maneno ya aliyekuwa shagala miaka minne

Habari zenu nyote. Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji tu humu, ila wiki hii nimefuatilia ule mjadala wa vijana kwenda kutafuta kazi nje, kama unainua nchi au unaimaliza, na nimeona karibu wote waliochangia hawajawahi kufungiwa geti na kafili, yaani mwajiri anayekudhamini kule Uarabuni. Nimeamua kuanzisha uzi wangu. Utakuwa mrefu, nitauandika kwa vipande kila nikipata nafasi hapa kibandani kwangu ninapouza sambusa, mnivumilie.

Mimi nimezaliwa Kilifi, nimekulia Kisauni, Mombasa. Nimekwenda Saudia mara mbili. Safari ya kwanza Riyadh, 2018 hadi mwanzo wa 2021. Ya pili Jeddah, 2021 hadi 2023. Kazi za ndani zote, ushagala. Sikupigwa wala kumwagiwa maji ya moto, na sikurudi na pesa za kujenga ghorofa. Hadithi zinazosambaa mitandaoni ni za aina mbili, sanduku la maiti pale uwanja wa ndege au nyumba ya vigae kijijini. Wengi wetu tuko katikati, na nyinyi mnaobishana kuhusu faida na hasara mngetakiwa kutuuliza sisi wa katikati.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyetaka kusoma yote aupate. Kwenda si kosa. Kinachoniuma ni bei tuliyowekewa. Ile bei hakuipanga shagala, iliandikwa mezani na watu waliokaa pale kwa niaba yetu, na wakaiandika chini.

Sasa hesabu. Mkataba wangu ulisema riyali 900 kwa mwezi. Riyali imefungwa kwa dola, 3.75 kwa dola 1, kwa hiyo 900 ni dola 240. Mwaka 2018 dola ilikuwa shilingi 100 na kidogo, mimi nikawa napata kama shilingi 24,000. Kabla ya hapo nilikuwa nafanya kazi ya nyumba Nyali kwa shilingi 7,000. Nafika saa kumi na mbili alfajiri, naondoka saa mbili usiku, nauli yangu mwenyewe. Sheria ya Kenya ina kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani, na leo kwa Mombasa kimepita shilingi 16,000 kwa mwezi. Mimi kwa miaka sita sikukiona, na shoga zangu niliokuwa nikipanda nao matatu asubuhi hawakukiona pia.

Kwa hiyo nilifuata mshahara mara tatu na zaidi, chakula na malazi bure. Nilikuwa na mtoto wa miaka mitano na mama anayemeza dawa za presha kila siku. Nyumba yetu ya Kilifi ilikuwa ya udongo na makuti, na makuti kila baada ya miaka michache lazima yabadilishwe. Usipobadilisha mvua za Mei zinakuingilia hadi kitandani.

Ninalo daftari nililoandikia kila shilingi niliyotuma. Ukurasa wa Mei 2019 unasema hivi: mama matumizi 8,000, dawa 1,900, karo ya mdogo wangu chuo cha ufundi 6,500, mabati na misumari 5,000, mtoto viatu 600. Jumla 22,000. Chini yake nimeandika "mimi 0" kwa sababu kilichobaki kilikwenda kwenye sabuni yangu, pedi na salio la simu.

Hizo ndizo faida, na sizipuuzi. Nyumba ina bati. Mdogo wangu amekuwa fundi umeme, anajitegemea. Mwingine nilimnunulia pikipiki ya bodaboda, akaiendesha miezi saba, akaiuza, hadi leo hatujapata maelezo ya kueleweka. Pia mtoto wangu alijifunza kumwita bibi yake mama, na mimi akaniita anti kwenye simu. Mwaka mzima baada ya kurudi aliendelea kuniita hivyo.

Nitaendelea kesho.

---

Nimerudi. Asanteni kwa majibu. Kuna kaka amesema hizo ni habari za familia yangu, nizungumzie nchi. Sawa kaka, nakuja kwenye nchi.

Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani dola bilioni 4.9 na ushei. Mwaka mmoja nyuma zilikuwa bilioni 4.2 hivi. Pesa hizo zinazidi tunazopata kwa kuuza chai nje. Zaidi ya nusu zinatoka Marekani, ila Saudia nayo imepanda hadi kuwa miongoni mwa zinazoongoza, na hao wa Saudia wengi ni watu kama mimi, wenye ndoo na kitambaa.

Mnajua zinavyofanya kazi? Mimi kule natoa riyali. Mama hapa anapokea shilingi kwenye M-Pesa. Zile dola za katikati haziingii Kilifi, zinabaki kwenye mabenki ya Nairobi, na ndizo zinazonunua mafuta ya magari, dawa, ngano, na kulipa madeni ya nje. Kila mara mnaposikia shilingi imetulia, kuna jasho la mtu kwenye utulivu huo. Kwa hiyo serikali inafaidi hata kama mdogo wangu ameuza pikipiki. Yenyewe haipati hasara kwenye biashara hii, na ndiyo maana kila waziri wa kazi akipanda jukwaani anatangaza nafasi za nje.

Njiani pia kuna wanaokata. Benki ya Dunia hufuatilia gharama ya kutuma dola 200, na Afrika kusini mwa Sahara ndipo pa ghali kuliko pote duniani, karibu 8 kwa kila 100. Umoja wa Mataifa umeweka lengo la kushusha hadi 3 ifikapo 2030. Mimi nilikuwa nakatwa mara mbili, kwa sababu sikuruhusiwa kutoka nje ya geti. Dereva wa nyumba, mzee mmoja wa Bangladesh, ndiye aliyekuwa anakwenda Batha, mtaa wa maduka pale Riyadh, kunitumia. Ijumaa anachukua riyali zangu na karatasi yenye namba ya mama, jioni ananiletea risiti. Nilimpa riyali 10 kila safari. Alikuwa mwaminifu, hakupoteza hata mara moja, na yeye pia alikuwa na miaka 11 hajaiona familia yake ikikua.

Sasa upande wa pili.

Siku ya kuondoka, pale uwanja wa ndege Nairobi, tulikuwa wasichana kama 30, sote na mabuibui yanayofanana. Kijana wa wakala alikuwa ameshika pasipoti zetu kifungu kimoja, amezifunga kwa mpira, anaita majina. Mkataba nilikuwa nimeutia sahihi asubuhi ile ile, ni wa Kiarabu na Kiingereza, kurasa kadhaa, na nyuma yangu foleni inanisukuma. Tulipofika Riyadh tukakalishwa chini kwenye ukumbi kusubiri makafili. Wanakuja mmoja mmoja, anatajwa mtu, anainuka, anamfuata asiyemjua. Mimi nilichukuliwa saa nane usiku. Simu yangu ikakaa kwenye droo ya madam, bibi mwenye nyumba, napewa Ijumaa nusu saa.

Kafala miaka yangu ilikuwa hivi, kwa wasioijua. Mgeni hakusimama mwenyewe kisheria, alisimama chini ya jina la kafili. Iqama yako, yaani kibali cha kuishi nchini, ilikuwa mikononi mwake. Kuhama kazi kulikuwa kwa ruhusa yake. Ukitoka nyumbani bila idhini alikuwa anakwenda kuripoti huruub, yaani umetoroka, na kuanzia saa hiyo wewe ndiye mhalifu hata kama una miezi mitano hujalipwa. Waliotoka hivyo wakajitafutia vibarua mitaani Wakenya wanawaita kemboi, wanaishi wakikimbia kama yule bingwa wa mbio, Ezekiel Kemboi. Wengi wao wamezaa huko, na watoto hawana karatasi yoyote.

Machi 2021 Saudia ilifanya mageuzi, ikaruhusu wafanyakazi wa makampuni kuhama kazi bila idhini ya mwajiri. Sisi wa majumbani tukaachwa nje ya mageuzi hayo. Qatar mwaka 2020 ilikuwa imekwenda mbali zaidi, ikaondoa sharti la idhini kwa wote hadi wa majumbani, ikaweka na kima cha chini cha riyali 1,000 za kwao.

Madam wangu wa kwanza hakuwa katili. Alikuwa amelipa maelfu ya riyali kwenye ofisi ya uwakala ya kule, wao wanaita maktab, ili nifike kwake, na akili yake ilikuwa kwamba lazima pesa zake zirudi. Kwa hiyo kupumzika kwangu alikuona kama kuibiwa. Watu tisa, ghorofa tatu. Ramadhani nalala saa tatu kwa siku. Kiarabu cha jikoni kilinijia upesi kuliko wenzangu wa bara kwa sababu sahani, sabuni na samli nilikuwa nimezaliwa nazo. Na sambusa ndizo zilizoniokoa, nilikuwa nazikunja 200 kwa usiku mmoja, nyembamba, kona kali, na jamaa zake wakawa wanaomba zangu.

Nguo nilianikia juu ya paa. Nyumba ya pili kulikuwa na msichana wa Kenya pia, tukawa tunaanika wakati mmoja makusudi. Kwa sauti hatukuweza, tulizungumza kwa mikono. Siku moja alinionyesha mkono wake umefungwa kitambaa, akacheka, akaashiria pasi. Wiki iliyofuata kamba yao ilikuwa tupu. Baadaye akaanza kuanika msichana mwingine, wa Sri Lanka. Hata jina la yule wa kwanza sikuwahi kulijua.

Mwaka 2021 wabunge wetu waliambiwa na Wizara ya Mambo ya Nje kwamba Wakenya 89 walikuwa wamekufa Saudia ndani ya miaka 2, na maelezo yaliyotoka huko mara nyingi yalikuwa moyo kusimama. Sisi sote tunapimwa damu, mkojo na mapafu kabla ya kupanda ndege, na mwenye kasoro harukishwi. Sasa moyo unasimama vipi kwa watu wengi hivyo? Hilo swali lilihitaji daktari wa upande wetu apasue na aandike. Wazazi wa wale 89 hawakustahili kuachwa na neno moja tu.

Mkataba wangu uliisha katikati ya 2020, ndege zimesimama kwa korona. Nikaendelea kufanya kazi. Miezi mitatu ya mwisho sijalipwa mpaka leo. Wakala wa Nairobi alizima simu, nilipofika ofisini kwake kulikuwa na duka la nguo.

---

Kuna mchangiaji ameniuliza: "Dada, kama palikuwa pabaya hivyo, mbona ulirudi tena?"

Kaka, nilikuwa na bati upande mmoja wa nyumba tu. Na mara ya pili nilikwenda nikiwa najua. Jeddah nilipata watu waungwana, mshahara tarehe 27 kila mwezi, Ijumaa ni yangu, simu ni yangu. Haya mambo hubadilika nyumba kwa nyumba, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Usalama wako unategemea bahati ya kafili uliyepata, wakati ungetakiwa kutegemea sheria.

Jeddah ndiko nilikojua bei yangu. Tulikuwa wawili, mimi na Mfilipino mmoja mama mtu mzima. Kazi zetu zilikuwa sawasawa, tofauti ni kwamba yeye alipika na mimi nikalea mapacha. Jioni moja tuko sakafuni jikoni tunamenya vitunguu, akaniuliza napata ngapi. Nikamwambia 900. Akaacha kisu. Akanionyesha ujumbe wa benki kwenye simu yake, 1,500. Nikadhani amepandishwa kwa sababu ya miaka mingi. Akasema hapana, ndiyo anayoanzia kila Mfilipino, chini ya hapo serikali yake haimruhusu hata kuondoka.

Riyali 600 kila mwezi. Zidisha kwa miezi 24 ni riyali 14,400, dola 3,840. Hiyo ni nyumba ya mama yangu imekamilika na choo na tangi la maji. Vitunguu ni vile vile na sakafu ni ile ile.

Tangu siku hiyo nikaanza kumdadisi, na mengine nikayasoma nikiwa nyumbani. Ufilipino ilianza kupeleka watu kwa mpango wa serikali mwaka 1974, wakati wa Rais Marcos, ikasemwa ni ya muda tu. Kwa miaka mingi nao waliumia kama sisi. Mwaka 1995 Singapore ilimnyonga mfanyakazi wao wa ndani, Flor Contemplacion, kwa mauaji ambayo Wafilipino wengi hawakuamini aliyafanya. Watu walijaa barabarani Manila, waziri wa mambo ya nje akajiuzulu, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kulinda wafanyakazi wa ng'ambo. Mwaka 2006 wakatangaza hakuna shagala wao atakayekwenda kwa chini ya dola 400, na hatatozwa ada ya kutafutiwa kazi. Wana mfuko wa ustawi, kila anayeondoka anachangiwa dola 25 kwa mkataba. Februari 2018 mwili wa Joanna Demafelis ulikutwa kwenye friza Kuwait. Wakasimamisha safari za Kuwait, wakakaa mezani, na Mei wakatoka na makubaliano kwamba mfanyakazi akae na simu yake na pasipoti isibaki kwa mwajiri. Mwishoni mwa 2021 wakapitisha sheria ya kuunda wizara nzima ya wahamaji.

Sisi? 2014 Kenya ilifuta leseni za mawakala 930 na kuzuia safari. Wasichana wakaendelea kwenda kwa njia za panya kupitia nchi jirani, bila hata hicho kimkataba. 2017 zuio likaondolewa, mafunzo ya wiki mbili yakawekwa, tukafundishwa mashine ya kufulia na maneno ya Kiarabu. Mafunzo yalinisaidia, sikatai. Lakini zuio lile tungelitumia kuongeza bei na kudai simu, siku ya mapumziko na uchunguzi wa vifo. Tulifungua mlango tena na 900 yetu.

Sijasema Ufilipino ni peponi. Yule mama wa Jeddah alikuwa na miaka 19 ya kuhama nchi kwa nchi. Binti yake naye alikuwa tayari Hong Kong. Nusu karne sasa ile ya muda haijaisha, kila mwaka zaidi ya watu milioni wanaondoka, na mwanasiasa wa kule hana haraka ya kujenga viwanda kwa sababu dola zinaingia zenyewe. Nepal ni zaidi, huko pesa za wahamaji ni kama robo ya uchumi wote. Nchi ikishazoea hivyo, kijana anasomeshwa akiwa mali ya kupelekwa. Hiyo naiogopa kwetu, na dalili nimeziona Kilifi. Vijana wa kidato cha nne wanauliza pasipoti kabla ya kuuliza chuo.

---

Leo najibu maswali mawili matatu, wateja ni wengi.

Dada nesi uliyeandika kwamba unafikiria kwenda kufanya kazi Uingereza, nakuelewa. Hilo lako ni jambo jingine kidogo kwa sababu wewe nchi imekusomesha, mimi nilijisomea sufuria. Makubaliano ya Kenya na Uingereza ya wauguzi yalitiwa sahihi Julai 2021, na Novemba mwaka huo Uingereza ikaweka Kenya kwenye orodha ambayo waajiri wao hawaruhusiwi kuja kuchukua watu kiholela, ila kwa kupitia makubaliano hayo. Waziri wa Afya wakati ule alisema kati ya 300 wa kwanza waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Watu wanasema wauguzi wakiondoka hospitali zitabaki tupu. Lakini wewe mwenyewe umesema umemaliza chuo miaka mitatu iliyopita na kaunti haijaajiri. Huwezi kuitwa hasara kwa wodi ambayo haikukufungulia mlango. Wodi zina uhaba, wauguzi wako nyumbani, katikati hakuna bajeti. Nenda dada, ila pigeni kelele nchi inayowachukua ilipie kusomesha wengine, maana yenyewe inapata muuguzi mzima bila kumlipia hata daftari.

Ndugu wa Unguja, ahsante kwa habari za wanaokwenda Muscat, Oman. Huko ni tofauti kweli, kuna wazee madukani wanakuamkia kwa Kiswahili, na familia za pwani zina shangazi na binamu huko. Lakini ule ujamaa mara nyingine ndio unaofunika. Msichana anapelekwa "kwa jamaa", hana mkataba, na akilalamika anaambiwa anamwaibisha mzee aliyemleta. Tanzania Bara ipo TaESA, wakala wa ajira wa serikali, na Zanzibar ina mamlaka yake ya kazi. Hata kama ni kwa binamu, mpitisheni serikalini kwanza.

Na mzee wa Songea aliyetukumbusha Wenela, ile kampuni iliyokuwa ikiandikisha watu wa migodini, nimefurahi sana, shikamoo. Wengine hapa hawajui kwamba wazee wa Songea na Tukuyu walikwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini kwa mikataba, kama ambavyo manamba waliletwa kwenye mikonge ya Tanga kutoka Kigoma, Burundi na Rwanda, kila mtu na namba yake. Nimekwenda kusoma habari za Msumbiji baada ya maneno yako. Mreno, aliyekuwa mtawala wa huko, alikubaliana na Afrika Kusini kwamba asilimia 60 ya mshahara wa mchimbaji ishikwe, alipwe akirudi, kwa pesa za Msumbiji. Lakini Afrika Kusini iliipa serikali ya Mreno dhahabu kwa bei rasmi ya chini, ikauzwa sokoni kwa bei ya juu. Tofauti ikabaki serikalini, mchimbaji akapewa karatasi. Mpango huo wa dhahabu ulidumu hadi 1978. Vumbi la migodi likabaki kwenye mapafu yao. Ilikuwa 2019 ndipo mahakama ya Johannesburg ilipoidhinisha fidia ya randi bilioni 5 kwa wenye ugonjwa huo, pamoja na wa Lesotho na Msumbiji, na wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa. Mzee, nilipofika hapo kwenye kusoma nilifunga simu nikatoka nje. Dola zangu benki, shilingi kwa mama. Na mimi nina mgongo ambao hauniruhusu kuinua ndoo ya lita 20.

---

Mdogo wangu wa Likoni uliyeuliza inbox, najibu hapa ili na wengine wasome. Wakala anayekudai shilingi 40,000 za viza na tiketi kwa kazi ya ndani Saudia, muache. Hizo analipa mwajiri. Angalia jina la wakala kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kwenye tovuti yao, leo hii, siyo ile picha ya cheti aliyokutumia, maana leseni zinafutwa. Mkataba uupate siku kadhaa kabla, umpe mtu akusomee neno kwa neno. Usikubali kutia sahihi uwanja wa ndege kama mimi.

Walioandika "acheni kwenda, mlime", nimewasoma. Mama yangu analima. Mahindi ya 2022 yalikauka yakiwa magotini. Mkinionyesha kazi ya 24,000 hapa Kilifi ninaijaza foleni kesho na wasichana wa mtaa mzima.

Na aliyeuliza kama ningemruhusu binti yangu. Binti yangu ana miaka 12, bado. Lakini mpwa wangu ana 24, anaondoka Alhamisi, Riyadh, kwa ile ile 900. Nilijaribu kumzuia miezi miwili. Akaniambia, shangazi, hiki kibanda cha sambusa unachonipa kazi umekijenga kwa pesa za wapi? Nikanyamaza.

Jumapili alikuja tukakaa ukumbini. Nakala ya mkataba wake, pasipoti na tiketi nimezipiga picha, ninazo mimi, anazo mama yake, anazo na fundi umeme wetu. Jina la kafili, mtaa, namba ya maktab. Tumepanga neno moja la kuulizia habari za nyumbani, ambalo akilitamka kwenye simu mbele ya madam nitajua ana shida na hawezi kusema. Nimemnunulia daftari, nikamwambia ukurasa wa kwanza aandike jina lake mwenyewe na kiasi atakachojiwekea kila mwezi kabla ya kumtumia yeyote, hata mimi. Akaandika riyali 300. Halafu nikachukua sindano nikamshonea namba zetu tatu ndani ya upindo wa gauni lake la kulalia, kwa uzi mweusi, kwa sababu karatasi zangu za mwaka 2018 zilichukuliwa siku ya kwanza pamoja na simu. Namba ya mwisho, ile ya 7, nimeishona mara mbili, haikuwa inasomeka vizuri.